Nukta Moja ya Granada

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, mgongo unaniuma, na nimechoshwa na mji ambao sijawahi kuukanyaga. Wenzangu darasani wakinisikia nasema "nimestaafu" wanaangua kicheko. Wacheke. Wao hawajawahi kumsikiliza mtu akieleza kilima, halafu mwingine akaeleza kilima kile kile, miaka mitatu mfululizo, baada ya shule, sare bado mwilini.

Nakuandikia wewe utakayekalia kiti changu, kile cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Kadibodi ya kuuinulia iko kwenye droo ya pili. Habari za vyeo hutazipata hapa: niliingia ofisini nikiitwa "we mtoto" na nimetoka nikiitwa "we mtoto". Mshahara nao tuuache ulale, umechoka kuliko mimi.

Ofisi yetu unaijua: Fordsburg, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viungo, kwa hiyo utanuka bizari mpaka siku ya harusi yako. Inapeleka watu Umra, na kila mwaka inapeleka makundi mawili matatu Uhispania kuangalia walichoacha Waislamu wa zamani. Wateja wetu ni Waswahili wa Joburg: Watanzania, Wakomoro, Wakongo wa Maniema, na Warundi wa mtaa wa Buyenzi kama sisi. Kituo kikubwa ni Granada. Wanapita pale siku mbili, wanarudi na picha mia nne za ukuta, na hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa inaanza. Nilikuwa nawapigia simu waliorudi, nasikiliza waliyoyaona, nayaandika kwa Kiswahili kinachosomeka, ukurasa mmoja kila mtu, ndani ya lile jalada la kijani la mezani. Mteja mpya anakaa kusubiri, analifungua, anasoma wenzake walivyopita Granada, anatamani. Ndiyo biashara.

Kwa nini nilichaguliwa mimi? Kwa sababu wengi tuliozaliwa huku Kiswahili tunakisikia tu, tunajibu kwa Kiingereza au Kizulu. Mama yangu, ambaye ni fundi cherehani Malvern, ukimsemesha Kiingereza wakati wa chakula anageuka kiziwi. Nilijifunza kwa njaa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa ya aibu, na naomba uikumbuke, maana inarudi mbele. Mama Shani, mwenye ofisi, mzaliwa wa Tanga, alinipigia: "Njoo Jumamosi saa tisa, mwanangu." Mimi nikafika saa tisa ya shuleni, yaani kitu ambacho watu wenye akili wanakiita saa tatu asubuhi. Mlango umefungwa. Nikakaa kwenye ngazi. Muuza viungo wa chini alinipita mara nne, mara ya tano akaniletea chai kwa huruma. Saa tisa ya kweli, jua limeshaanza kuinama, Mama Shani akapanda na mkoba wake.

"Umewahi," alisema.

"Kidogo," nilisema.

Muuza viungo akamsimulia yote. Mama Shani alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akanipa sheria yangu ya kwanza ya kazi: "Saa uibadilishe kichwani kabla haijafika mkononi. Watoto wa huku mnasoma nane mnasema nane. Nane ya saa ya ukutani, kwetu ni mbili. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli. Kuelewa hakujawahi kumzuia mtu kukosea.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Papa Ramazani, mwongoza makundi wetu, mtu wa Kasongo kule Maniema, mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua ya mawe. Wote tulimwita Papa Rama. Wiki ya kwanza alinikuta nikiwa na kurasa tatu zenye sentensi moja: Granada ni nzuri sana.

"Mutoto," alisema, "usimuulize mutu Granada ilikuwa namna gani. Atakuambia ilikuwa muzuri. Bon, utaandika nini hapo? Umuulize alivaa viatu gani."

Nilidhani ananitania. Nikampigia mama mmoja wa Kikongo, nikamuuliza viatu. Alizungumza mpaka simu ikapata moto. Mawe ya mviringo barabarani, vichochoro vinavyopanda kama ngazi, kisigino kilichokatika mbele ya mkahawa, kijana wa Kihispania aliyekigundisha kwa gundi yake mwenyewe akakataa hata aksanti. Ukurasa ukajaa, ukafurika nyuma.

Tangu siku hiyo nilikusanya mengi. Mzee wa Kikomoro alikuta michungwa imejipanga kando ya barabara, imezaa, hakuna anayechuma. Akawaona Wahispania ni wajinga. Akajaza mkoba wa mke wake, akafika hotelini, akamenya moja, akauma. "Hapo," aliniambia, "nikaelewa kwa nini hayana mlinzi." Mama mmoja wa Kitanzania aliagiza soda, akaletewa na kasahani ka bure, maana ndiyo desturi ya kule, kinywaji hakiji peke yake. Akauliza hii nini, akaambiwa zawadi. Kuangalia vizuri, zawadi ni nguruwe. Sheria ya Papa Rama kuhusu hilo: zawadi hairudishwi kwa hasira, unamsogezea Mjerumani wa meza ya jirani. Siku zote yupo.

Vifaa: simu ya ofisi ina ufa, usibonyeze herufi ya "m" kwa nguvu. Daftari jekundu ni la rasimu. Halafu kuna mashine ya kupiga plastiki, ile inayonuka kama nywele zilizoungua. Kazi yake ni ratiba. Papa Rama akishapata tiketi, ananitumia ujumbe wa sauti akitaja saa zote. Mimi nachapa kwa Kiswahili, napiga plastiki, kila msafiri anavaa ratiba yake shingoni. Plastiki ni kwa sababu wazee humwagia chai kila kitu. Karatasi iliyopigwa plastiki hailowani, haikunjiki, haichaniki. Niliwahi kuona hiyo ni sifa.

Na jambo la mwisho la kiufundi: kasri la Alhambra, lile jekundu lililo juu ya kilima, kumbi zake za ndani huingii unavyotaka. Tiketi inakupa nusu saa yako. Ikipita, imepita, hata ukilia kwa lugha saba.

Sasa nakuja kwa Bibi Mwamini.

Anakaa mitaa miwili kutoka kwetu Malvern, anauza maparachichi mbele ya nyumba yake, na ukimchagulia parachichi kwa kuliminya anakuminya sikio. Marehemu mume wake, Maalim Issa, alifundisha madrasa Buyenzi. Ndoa yao ikiwa haijamaliza mwaka, Maalim aliokota kalenda kuukuu yenye picha ya ukuta wa hilo kasri la Granada, na juu ya ukuta maneno ya Kiarabu: Wala ghaliba illa Allah. Hakuna mshindi ila Mungu. Akayapenda. Akayachora kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, Bibi akayadarizi kwa uzi wa kijani, wakatundika madrasani.

Mwalimu mwenzake, Haruna, aliangalia mara moja tu. "Ghaini ya 'ghaliba' haina nukta," alisema. "Bila nukta si ghaini, ni aini. Mmetundika herufi nyingine."

Maalim akajibu: "Nimeandika kama ilivyo. Ukuta wenyewe hauna nukta."

Kalenda ilikuwa imeshalowana na kutupwa. Basi ubishi ukaanza. Ulizeeka nao, ulivuka nao mipaka na mabegi, ulifika nao Joburg. Maalim alifariki nao. Mzee Haruna yuko hai, anafundisha watoto Kurani ghorofani Joubert Park, na kila akikutana na Bibi kwenye harusi au msiba husema, "Shemeji, nukta imepatikana?"

Watoto wa Bibi walipomkatia tiketi ya Granada, alikuja ofisini na kitambaa kimekunjwa ndani ya mfuko wa sukari. Nilikuwa najaza fomu yake. Akainama kwangu.

"Nikuambie kitu, hata Haruna hakijui. Penseli ilifutika nilipokifua mara ya kwanza. Sikumbuki kama Maalim aliiweka ile nukta. Nilikuwa bibi harusi, nashona huku nasinzia. Pengine ni sindano yangu iliyoiruka."

"Hukumuuliza?"

"Niliogopa. Na yeye hakuniuliza hata siku moja. Kila akibishiwa anasema ni ukuta, ni ukuta. Mwanangu, nataka nikasimame pale nione. Ni ukuta, au ni mimi niliyemwaibisha mume wangu maisha yake yote?"

Nikamwambia, Bibi, picha zipo, nikufungulie kwenye simu sasa hivi. Akanisukuma mkono. "Picha ndiyo iliyotuletea matata. Nataka ukuta."

Wiki hiyo nilikuwa na mitihani ya katikati ya mwaka. Nilikuwa nalala juu ya kitabu cha hesabu, naamka na logarithimu usoni. Ujumbe wa sauti wa Papa Rama uliingia nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kurudufu. Sikuusikiliza. Nilikuwa na tiketi kwenye kioo cha kompyuta, imeandikwa 08:30, si inatosha? Jicho likaona nane. Mkono ukaandika nane. Kumbi za Alhambra, saa nane na nusu. Nikaingiza kwenye mashine. Ikanuka nywele, ikatoka inang'aa.

Hata kisingizio cha tofauti ya saa sikuwa nacho. Wakati wa joto lao na baridi yetu, saa ya Granada na ya Joburg ni moja.

Siku yenyewe, alfajiri, mzee mmoja wa kundi alipandwa na presha. Papa Rama akampeleka kliniki. Akamwachia Bibi bahasha ya tiketi, akawaambia wenzake tisa, "Mufuate karatasi." Nao wakaifuata. Wakanywa chai bila haraka. Bibi akaomba pasi hotelini, akakinyoosha kitambaa. Wakafika mlangoni saa nane kamili mchana, nusu saa kabla, wanajisifu kwa kuwahi.

Nililolijua nililisikia kwa Bibi mwenyewe, waliporudi, nilipompigia simu. Nikaanza kama nilivyofundishwa.

"Bibi, ulivaa viatu gani?"

"Acha viatu. Hatukuingia."

"Hamkuingia wapi?"

"Ndani. Mlinzi aliangalia tiketi, akaangalia saa, akatikisa kichwa. Mtu wa adabu, simlaumu. Akanionyesha vidole: nane. Nami nikamwonyesha karatasi yetu: nane! Akarudia vidole, nane. Nikamwambia ndiyo baba, nane, ndiyo maana tuko hapa! Tumekubaliana naye kabisa, mwanangu, na mlango hakufungua."

Nilikuwa na nakala ya ratiba mbele yangu.

"Tukaangalia bustani. Maji yanatiririka mpaka kwenye ngazi. Nikakaa kwenye benchi na kitambaa changu. Andika hivyo."

Sikuandika hivyo. Nilifikiria kwanza kuichana ile nakala, nikakumbuka plastiki. Nikafikiria kuila. Mwisho nikachukua kalamu nikampa Bibi alichokikosa. Nikaandika ukurasa mzuri kuliko zote nilizowahi kuandika: jinsi alivyoingia, jinsi mwanga ulivyokuwa unapenya kwenye madirisha yenye matundu, jinsi alivyofungua kitambaa mbele ya ukuta "na kila herufi ikafanana na mwenzake, nukta isiyokuwepo pale haikuwepo na huku." Nikaweka jina lake chini. Bibi hajui kusoma herufi hizi za shuleni, na Mama Shani jalada halisomi; anasema watu wote wanalalamikia mawe yale yale. Nikajidanganya kuwa ni zawadi. Ilikuwa nguruwe.

Lawama ikaja, lazima ije. Mama Shani akatuita mimi na Papa Rama.

"Nani kaandika nane?"

Nikafungua mdomo. Papa Rama akatangulia. "Ni mimi. Nilimutajia mutoto saa mubaya. Kichwa ilikuwa imechoka."

Akaniangalia mara moja. Mimi nikaangalia stepla. Mpaka leo naijua ile stepla kuliko sura yangu.

Mama Shani akamtoa kwenye makundi. Papa Rama, aliyewavusha watu vichochoro vya Granada bila kupoteza hata mwavuli, akawa wa kupanga foleni za viza na kurudufu pasipoti. Makundi akapewa mpwa wa Mama Shani, kijana wa mashine ya kurudufu, anayewaita wazee wa miaka sabini "magaizi" kama wenzake wa mtaani. Mwaka mzima. Kila mchana Papa Rama aliingia na bahasha, shati limepigwa pasi, ananiuliza, "Mutoto, leo umeuliza viatu?" Nami najibu, "Nimeuliza, Papa." Eish. Kuna uchovu wa miguu na kuna uchovu wa kusalimiwa vizuri na mtu uliyemkosea. Wa pili hauishi kwa kulala.

Mwezi uliopita, Ijumaa alasiri, nasikia ngazi zinalia. Wanapanda watu wawili wazee, mmoja anatweta, mwingine anagomba. Mzee Haruna mbele, Bibi Mwamini nyuma na fimbo.

Kumbe juzi yake Mzee Haruna alikuja kuulizia Umra, mimi niko shule. Akakaa kusubiri. Akafungua jalada la kijani. Yeye anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye kopo. Akaukuta ukurasa wa Bibi. Na kwa kuwa ni mtu wa haki, tatizo ambalo sikulitegemea, siku iliyofuata alisimama mbele ya watu msibani akasema: "Nimemdhulumu marehemu Issa. Ukuta hauna nukta. Mjane wake ameuona. Nimeshindwa."

Bibi alikuwa pale pale, anapakua wali.

"Nani?" Bibi alisema sasa pale ofisini, anagonga jalada kwa fimbo. "Nani kanitia maneno haya mdomoni? Mimi nimeona benchi! Mzee mzima huyu ananiomba radhi mbele ya watu, naitikia nini? Ushindi wa uongo nimpelekee Maalim kaburini?"

"Shemeji, basi, punguza sauti."

"Wewe nyamaza, ulishindwa jana!"

Mama Shani alitoka ndani na miwani kwenye paji la uso. Akausoma ukurasa. Akanitazama. "We mtoto. Hawa si ndio walioachwa nje?"

Kuna nyakati mdomo haufai. Nikachukua simu ya ofisi, nikatafuta ujumbe wa mwaka jana, nikaubonyeza. Sauti ya Papa Rama ikajaa chumba, na honi za foleni nyuma yake: "Mutoto, andika vizuri. Alhambra, saa mbili na nusu, asubuhi. Narudia: mbili. Usisome tiketi, unisikilize mimi. Aksanti."

Wakati huo huo, kwa bahati niliyozaliwa nayo, Papa Rama mwenyewe akaingia na bahasha ya pasipoti.

"Bon," alisema. "Kwa nini munacheza hiyo?"

"Mwaka mzima," Mama Shani alimwambia. "Mwaka mzima unapanga foleni kwa ajili ya nane ya huyu. Kwa nini hukusema?"

"Ungemufukuza."

"Ningemfukuza, ndiyo!"

"Na mwengine anajua kuuliza viatu hayuko."

Nilimwomba Papa Rama radhi. Nilitaka kusema maneno mengi, yakatoka matatu, na kamasi. Nikamgeukia Bibi nikamwambia ratiba niliandika mimi, benchi lile nilimkalisha mimi. Nilingoja fimbo. Bibi alimwangalia Papa Rama muda mrefu, kama mtu aliyeona sura anayoifahamu.

"Na wewe ulisema ni wewe," alimwambia.

"Nilisema."

"Kila siku ni ukuta, ni ukuta," alisema Bibi, akijirudia maneno ya Maalim. Halafu akajipangusa. "Haya. Na nukta yangu?"

Hukumu ya Mama Shani ilikuwa fupi. Mpwa wake arudi kwenye mashine ya kurudufu akawaite magaizi huko. Papa Rama aongoze kundi la Julai, na kitambaa kiende naye. Mimi nimalizie mwezi, nifunge jalada, nikasome matriki, mtihani wa kumaliza shule. Bibi alikitoa kitambaa kwenye mfuko wa sukari akakiweka mikononi mwa Papa Rama kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. "Usiniletee picha," alimwambia. "Niambie kwa mdomo."

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa siku. Saa mbili na nusu asubuhi, zote mbili, ya kwao na ya kwetu. Malvern baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tulikaa chumbani kwa Bibi mbele ya hita: Bibi kitandani na shali mbili, Mzee Haruna kwenye kreti la maparachichi, mimi chini na simu ya ofisi, sauti imefunguliwa. Mzee Haruna aliomba kuwepo. Alisema kama ni kushindwa, ashindwe vizuri.

Simu ikalia.

"Bibi." Papa Rama alikuwa ananong'ona. Nyuma yake nilisikia nyayo za watu na maji. "Niko ndani. Niko mbele ya ukuta. Kitambaa iko mukononi."

"Sema."

"Naona ghaini. Nukta iko."

Mzee Haruna alipiga paja, halafu akaona uso wa Bibi, mkono ukabaki hewani.

"Basi ni sindano," alisema Bibi polepole. Nilimwona amezeeka pale pale, mbele yangu. "Ni sindano yangu. Na alijua."

"Ngoja, Bibi, sijamaliza. Hapa juu nukta iko. Hapa chini, maneno ni ile ile, nukta haiko. Nageuka." Nyayo. "Ukuta ya pili iko. Ile ya karibu na mulango, herufi zimenyooka kama fito, hakuna nukta hata moja. Bibi, hii maneno wameiandika fasi yote, nimeshindwa kuhesabu. Ingine na nukta, ingine bila."

"Ipi ilikuwa kwenye kalenda?" aliuliza Mzee Haruna, ameinamia simu mpaka ndevu zinaigusa.

"Mzee, mimi naijua kalenda gani?"

Hita ilikuwa inatoa mlio wake mdogo. Nje mteja aligonga akitaka maparachichi, hakuna aliyemjibu. Mzee Haruna alimtazama Bibi, akatazama simu, akamtazama Bibi tena, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alionekana kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Kwa hiyo, shemeji," alisema, "nani kashinda?"

Bibi alianza kutikisika. Nilidhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka, kicheko kinapanda kutoka tumboni, shali moja ikaanguka.

"Haruna, miaka yote hii unafundisha watoto kusoma. Si imeandikwa hapo ukutani?"

Ilimchukua muda, midomo ikiyarudia maneno ya kitambaa. Kisha naye akashika kichwa akaanza, na kwenye simu Papa Rama alikuwa anasema, "Alo? Alo? Bibi, nasemaje?" mpaka mlinzi wa kule akamwambia, nadhani, apunguze sauti.

Ukurasa wa Bibi Mwamini ndio wa mwisho kwenye jalada la kijani. Ule wa uongo nimeutoa. Huu nimemsomea mwenyewe kabla ya kuuweka, benchi limo, vidole vya mlinzi vimo, saa nimeiandika mara mbili, ya kwetu na ya tiketi. Alinikosoa sehemu moja tu: nilisahau viatu. Alivaa ndala za bluu.

Sikuupiga plastiki. Kama nimekosea tena, uweze kuchanika.